Kupamba butike ya Goma ju ya Noeli na Bonane (mwaka mupya): vitrini yenye inauzisha

Kila mwaka ni vile vile. Kuanzia mwisho wa muezi wa kumi na moja, ukishuka Birere, mutaa ya biashara ya Goma, unakuta girilandi zinaning'inia ku kila mulango, Papa Noeli wa plastike anaimba ndani ya magazini na kucheza kiuno, lakini ukiuliza mwenye butike kama ile yote imemuletea bakiliya anakuambia "bado, tunaangalia". Ni ju mapambo imefunika bintu byenye anauzisha. Mutu anapita, anasema "ah, hapa wamependezesha", kisha anaenda kununua kwa jirani. Mapambo yenye haimufanye mutu aulize "hii ni ngapi?" ni ya kanisa, haiko ya butike. Nitaeleza hapa namna ya kupanga na feza kidogo, na umeme wetu huu wenye tunaujua, na bintu mingi byenye biko hapa hapa Goma bila kuvuka barrière ya mupaka.

Mbele ya kununua hata bulu moja (ile mipira ya kuning'iniza ku muti wa Noeli)

Toka inje, vuka barabara, simama upande wa pili na uangalie butike yako ile saa batu banarudi nyumbani. Batu mingi banapita na moto, wengine na miguu na mizigo ku kichwa, chukudu, ile trotineti ya mbao ya mizigo, inashuka mbio, hakuna mwenye anasimama kukusomea vitrini yako kama barua. Uko na sekonde mbili tatu tu. Kwa hiyo chagua kintu moja yenye mutu ataona kwanza, MOJA, zingine zote zinaisindikiza.

Ukiuzisha manguo, hapa hauna kufikiri sana: Noeli ya kwetu ni ya batoto. Papa anaweza kuvaa shati ya mwaka jana na mama akavaa kitenge yake ya ndoa ya mudogo wake, lakini mutoto lazima apate mupya, tena na biatu, ju tarehe 25 atazunguka kwa majirani na majirani bataangalia biatu. Weka gauni ya mutoto mwanamuke ao suti ya kadogo mbele kabisa, ku macho ya mama mwenye anapita, ile ni kama mita moja na nusu kutoka chini. Manguo ya bakubwa inaweza kukaa nyuma, atakayeiona ni ule mwenye ameisha kuingia.

Alimantasyo, butike ya chakula, ni ingine. Kule batu habanunue kwa macho, bananunua kwa listi, tena yote inaanguka siku zile zile: tarehe 23 na 24, kisha 30 na 31. Vitrini yako ikuwe na kapo: muchele, chupa ya mafuta, tomate, biskiti, jusi mbili, ao vino ukitaka, yote ndani ya kitunga ya soko, ifungwe na ribani nyekundu na bei moja iandikwe kubwa. Ile kapo ni mapambo na ni biashara, zote mbili pamoja. Tengeneza ndogo, ya katikati na kubwa, panga kwa ngazi. Utaona batu bananunua ile ya katikati, na mutu wa kazi mwenye anatafuta kitu ya kupelekea bakwe zake atachukua ile kubwa bila kubishana mingi.

Farmasi, nyota moja ku kioo na taa kidogo, inatosha, mugonjwa haitaji Papa Noeli. Salo ya nywele, pamba kioo chenye bakiliya banajiangalia, ju pale njo bananyanyua simu kupiga picha na picha ile inatembea ku WhatsApp bure.

Kisha rangi. Chagua mbili, basi. Nyekundu na ya dhahabu, ao bulu na nyeupe, ao kijani na dhahabu. Shida ya Goma ni kwamba kila mutu anatia nyekundu, bulu, roze, violete, na girilandi zenye zinabadilika rangi, yote pamoja, kisha kitenge nyuma yake yenye iko na rangi saba zake. Jicho inachoka inageuka kuangalia barabara. Kama unauzisha bitenge, acha bitenge bikuwe rangi, mapambo ikuwe ya dhahabu tu.

Siku ya kwanza ya kazi ni kusafisha, na hapa sitachelewa: kitambaa, maji na vinegre kidogo, kisha gazeti ya zamani ya kukaushia kioo. Vumbi ya Goma ni nyeusi na inaingia fasi yote. Ukitundika taa juu ya kioo chafu, taa inaonyesha uchafu.

Mawe yetu

Tuko na kintu yenye miji mingine haina: jiwe nyeusi ya volkano. Tangu Nyiragongo ilipomwaga lava ndani ya mji muezi wa kwanza 2002 mpaka ikafika ku ziwa, na ata mbele ya pale, tunajengea, tunazungushia parsele, tunakalia, lakini ni batu kidogo banafikiri kuitia mu vitrini. Haki, hakuna kintu yenye inapendeza chini ya rangi ya dhahabu kama nyeusi. Weka kiatu kidogo ya mutoto, nyekundu, juu ya jiwe moja kubwa nyeusi, elekeza taa moja ndogo pale, na zima zingine zote. Angalia kutoka upande wa pili wa barabara. Utanielewa.

Chagua yale mawe ya mwepesi yenye iko na matundu mingi, ju ndani ya matundu unaweza kuingiza waya, tawi ya sipre, ao kijiti chenye kinabeba bei. Sugua na brosi na maji mpaka maji inatoka safi, kisha anika ku jua siku mbili, ju jiwe ile inakunywa maji, na ukiiweka bado imelowana itachafua kitambaa chako na kuleta harufu. Usiiweke kamwe moja kwa moja ku etajeri ya kioo, inakwaruza, na ata ile ya mwepesi iko na uzito kuliko unavyofikiri. Tia kartoni chini, kisha kitambaa, kisha jiwe. Na usiende kuitosha ku ukuta wa mutu.

Ukitaka "theluji", paka chokaa juu ya mawe mbili tatu, upande wa juu tu, acha chini ikuwe nyeusi. Inatosha. Pamba yenye batu banatandika mu vitrini na ku sapen (muti wa Noeli), miye siitaki. Kwanza inakusanya vumbi, wiki moja haiishi imekuwa rangi ya majivu. Pili inashika moto haraka sana, na iko pale karibu na taa na waya. Tatu, Congo hii theluji ya kukaa iko Ruwenzori tu, kule juu ya Margherita, mita 5109, na hakuna kiliya wako mwenye alitembea ndani ya theluji kuja kununua sukari. Lakini kama boss anapenda theluji, boss njo anajua, mupe chokaa.

Sapen

Kuna ya plastike na kuna ya kukata. Ya plastike unainunua mara moja unaitumikisha miaka, donke kama uko na fasi ya kuiweka, nunua ile, na nunua mu muezi wa kwanza wakati kila mutu anataka kuitosha ku magazini, bei inakuwa ingine kabisa. Ya kukata huku kwetu mara mingi ni tawi ya sipre. Nunua kwa mutu mwenye alipanda miti yake. Parki ya Virunga iko pale tangu 1925 na haiko shamba ya sapen ya mutu.

Ile ya kukata, ukifika nayo, kata tena chini kidogo, kata mupya, uitie mu ndoo ya maji mara moja. Kisha zungushia mawe ndani ya ndoo, ile yetu ya volkano, ju isianguke kama mutoto anaivuta (na ataivuta). Funika ndoo na kitenge. Ongeza maji kila asubuhi. Usiiweke fasi jua ya saa nane inapiga, ju itakauka, majani itaanza kuanguka mbele ya tarehe 25, na sipre yenye imekauka iko na mafuta, inawaka mbaya. Ukigusa majani na inavunjika mu vidole, itoshe, ata kama ni tarehe 23.

Kupamba: taa kwanza, tupu, kutoka ndani kwenda inje, kuanzia chini. Washa uone kama zote zinawaka MBELE ya kuzungusha, haiko kisha. Halafu mabulu makubwa ndani karibu na shina, ndogo ku ncha ya matawi. Batu mingi banafanya kinyume, wanatia makubwa inje, na muti unaonekana mwembamba na matawi inainama. Nyota mwisho. Kama sapen iko mu kona, usipambe upande wa nyuma, hakuna mutu ataona, yale mabulu peleka ku mulango.

Mabulu ya dukani inavunjika, na ile ya bei chini inapoteza rangi. Nenda kwa fundi wako wa nguo, mwambie akuwekee bipande bya kitenge vyenye anatupa. Chukua gazeti, fanya duara ngumu ya ukubwa wa limau, fungia skochi, kisha funika na kipande, kusanya mwisho juu, funga na uzi na uache kamba ya kuning'inizia. Ukitia kitenge moja kwa sapen nzima, inakuwa na heshima. Ukichanganya bitenge kumi inakuwa fujo, lakini batoto banapenda, kwa hiyo ku butike ya michezo ya batoto fanya tu. Na kama wewe njo unauzisha bitenge, funika mabulu na ile modeli mupya yenye unataka imalizike, bakiliya bataanza kuuliza ile kitenge ya ku sapen iko wapi.

Chini ya sapen weka makartoni tupu yamefungwa kama zawadi. Kartoni ya biatu, ya sabuni, ya biskiti. Karatasi ya kaki na ribani nyekundu inapita ile karatasi ya kung'aa, na ni bei kidogo. Weka jiwe ndogo ndani ya kila moja ju upepo isibebe.

Kupanga vitrini yenyewe

Nyuma funga kitambaa ya rangi moja, ya giza kama bintu byako ni byeupe, ya mwangaza kama ni bya giza. Ngazi unatengeneza na kasiye za bia ya Primus, geuza moja chini, mbili nyuma zimepandana, funika yote na kitambaa ileile. Sasa uko na urefu tatu. Kile kintu yako MOJA kinakaa ku ngazi ya katikati karibu na kioo, byenye binasindikiza binashuka na kupanda pembeni, mpaka ukiangalia kwa mbali unaona kama kilele moja na matelemuko mbili. Bintu tatu ao tano kwa pamoja inapendeza kuliko mbili ao nne, usiniulize ju ya nini, jaribu utaona. Acha fasi tupu. Wafanya biashara wetu banaogopa fasi tupu, banaona ni feza imelala, lakini fasi tupu njo inafanya jicho isimame.

Na bei! Andika bei. Najua kuna bazee ba soko banasema usiandike, acha mutu aingie mubishane. Soko ya Virunga, sawa. Lakini ku vitrini ya Noeli mutu mwenye haone bei anafikiri ni ghali na anapita. Andika kwa franka na kwa dola, kubwa, na mukono muzuri, ku karatasi nyeupe.

Wengi kati yetu hatuna kioo. Butike ni mulango mbili za chuma zenye zinafunguka asubuhi, na meza ya mbao inje. Basi vitrini yako ni ule mulango. Fungua milango yote mbili na utumikishe ndani yake kama ukuta: waya mbili za kulala, na makroshe, manguo ya batoto inaning'inia kwa urefu wa macho, girilandi ya majani ya sipre inazunguka kando kando tu, haipite mbele ya bintu. Juu ya mulango, kati, nyota moja kubwa ya mianzi yenye imefunikwa na karatasi ya dhahabu. Mianzi tano za urefu moja, funga ku ncha, imeisha. Yote ifungwe na waya, haiko na skochi, ju mvua ya muezi wa kumi na mbili inakuja na upepo, skochi inalowana na unakuta nyota yako ku barabara. Na yote ikuwe ya kutosha haraka mangaribi, ju kintu yenye inalala inje Goma, asubuhi iko na mwenyewe mupya.

Umeme, hapa tusichezee

Mutu wa kwanza kutia taa za umeme ku muti wa Noeli alikuwa Edward Johnson, mufanyakazi mwenzake na Edison, New York 1882, ampuli 80, nyekundu, nyeupe na bulu, na muti ulikuwa unazunguka wenyewe. Yeye alikuwa na fundi wake na umeme wake. Weye uko na ralonji (waya wa kurefusha umeme) moja yenye inabeba friji, ampuli, chaja za simu za mutaa nzima, na sasa unataka kuongeza girilandi.

Chukua LED. Girilandi ya LED ya taa 100 mara mingi haifike wati 10, zile za zamani za ampuli ndogo zinakunywa mara ine na zaidi, tena zinapata moto. Ralonji yenye imeandikwa 10A, ku volti 220 inabeba karibu wati 2200, na birika moja ya umeme inaweza kuchukua wati 1500 mpaka 2000 peke yake, kwa hiyo ukiona ralonji inapata joto ku mukono, haiko girilandi njo shida, ni birika na pasi. Tosha byo. Ralonji ifunguliwe yote, isikuwe imezungushwa, ju ikizungushwa inajipikia yenyewe. Usiipitishe chini ya tapi ao chini ya mulango wenye unafungwa kila siku. Girilandi ya inje angalia ku kartoni kama imeandikwa IP44, ile inavumilia maji ya kurukia; kama imeandikwa IP20 ni ya ndani, ata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Waya wenye umevuliwa ngozi usifunge na sashe. Mangaribi ukifunga, tosha ku prize, yote. Taa za usiku kucha ni za kuonyesha bezi njia.

Mushumaa ndani ya vitrini, hapana. Grupe (jenereta) ikuwe inje, na kibidon ya esansi (petroli) mbali na sapen. Ndoo moja ya mchanga karibu na mulango, mchanga wetu mweusi unafaa kabisa, na uifunike na kitenge kama unaona haya.

Sasa ju umeme utaenda saa moja mangaribi wakati batu njo wako ku barabara, panga vitrini yenye inaweza kuishi na taa moja ya kuchaji ao ya jua. Ndiyo maana nilisema kintu moja. Taa moja yenye imeelekezwa ku gauni, kutoka juu na pembeni, haiko ku macho ya mupita njia, inafanya kazi kuliko girilandi kumi. Taa ya rangi ya mwanga wa moto, ile imeandikwa 2700 ao 3000K, inafaa dhahabu na nyekundu. Ile nyeupe kali ya 6500K inafaa bulu na nyeupe, lakini ku nyama na ku mikate inaleta sura ya hospitali. Girilandi zenye zinawaka-zinazima haraka, weka ku mpango wa kutulia, kuna kibuto ku waya. Kuwaka-kuzima kunaita jicho kisha kunalifukuza.

Kreshi (masanamu ya kuzaliwa kwa Yesu) kama unaiweka, iweke ndogo, ku kona, na nyumba yake ya majani ya ndizi makavu na mawe yetu. Mutoto Yesu haingie mbele ya usiku wa tarehe 24, bamama ba parwasi bataingia kukukosoa ndani ya butike yako, na watakuwa na haki. Fransisko wa Asizi alipanga ya kwanza yake Greccio, Italia, 1223, na alitumia majani makavu na ng'ombe na punda ya kweli, kwa hiyo usione haya kwamba yako haina dhahabu. Kama bakiliya wako wengi ni Baislamu ao ba kanisa zenye hazipende masanamu, nyota na taa zinatosha, hakuna mutu atakasirikia nyota.

Tarehe 26 asubuhi

Papa Noeli anatoka. Kabisa. Hakuna kintu yenye inaonyesha butike imelala kama Papa Noeli wa tarehe 3. Acha dhahabu, acha taa, acha mawe. Tosha nyekundu, manguo ya batoto inarudi ndani, na mbele unaweka bintu bya Bonane: bitenge, viatu bya bakubwa, glasi, sahani, kapo za chakula zimebadilishwa ribani. Andika "Bonane" tu, bila mwaka, utaitumia tena. Kisha shule zinafunguka na feza yote inaenda kule, kwa hiyo ukipita tarehe 6 ya muezi wa kwanza shusha yote na uweke makaye na masakosha.

Kuweka: girilandi usizikunje ndani ya sashe, zungusha ku kipande cha kartoni, kata katundu pembeni ya kushika ncha, andika "inawaka" ao "nusu imekufa". Mabulu ya kitenge ndani ya ndoo ya plastike yenye kifuniko, ju panya za Birere zinapenda kitenge na gazeti kuliko muchele. Mawe rudisha inje ku mvua, zitajisafisha.